Mama Flavia, Hewa Chafu na Jua la Uru

Sherehe hii isingekuwepo bila mimi, Thadeus, dereva wa Kituo cha Nishati hapa Uru, kwa kuwa moto wa kwanza duniani kuwashwa kwa pumzi ya binadamu ulitoka kifuani mwangu. Lakini siku ya leo si yangu. Leo, tarehe 30 Juni 2006, Mama Flavia Temu, fundi wa maabara yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi, na nimeombwa nimwandikie wasifu kwa sababu hapa kituoni hakuna anayenishinda kwa maneno.

Mama Flavia aliajiriwa mwaka 1985, sabuni ikiwa bado ya foleni. Kazi yake ilikuwa kulitunza sanduku la kioo la Dakta Aminieli, mtafiti wetu. Ndani yake kuna unga wa manjano kama bizari, umejaa vitundu ambavyo jicho halivioni. Chukua dodoki, lisage liwe vumbi, halafu kila chembe ya vumbi iwe dodoki tena. Ile hewa chafu tunayoitoa puani, kabonidayoksaidi, inaingia kwenye vitundu pamoja na mvuke wa maji, jua linaichapa humo humo, inatoka ikiwa gesi ya kuwaka. Dakta ana maelezo marefu zaidi, ila yangu yanaeleweka.

Hewa yenyewe Mama aliitoa kwenye pipa la ndizi zinazochachuka kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mume wake, mzee Primus, alilalamika kwamba pipa lake limetundikiwa mpira kama mgonjwa wa wodini. Mama akamjibu kwamba mbege yake ataikuta, sayansi inachukua mapovu tu.

Mwaka 1996 kila ofisi ilikuwa inapunguza watu, na wafadhili wakaja kuona kama sanduku lina faida. Niliwapokea mimi. Niliwaeleza kwamba lori la kahawa limeshakwenda Holili mpakani na kurudi kwa gesi yetu. Wakaomba kuliona hilo lori. Hapo mambo yakaharibika kidogo. Waliondoka wakisema watarudi mwezi wa saba, na wasipouona moto kwa macho yao, kituo kinafungwa na Mama anarudi nyumbani, watoto wake wakiwa bado sekondari.

Mama hakunigombeza. Alinipa mpira. Akasema pipa limeelemewa, mapafu yangu ndiyo makubwa kuliko yote kituoni, kwa hiyo wageni wakija nipulize bila kuutoa mdomoni, maana nikiongea hewa inakatika.

Mwezi wa saba Uru ni ukungu. Siku yenyewe jua lilichungulia kwenye kihamba cha jirani peke yake, shamba lake la migomba, kwetu giza. Mama akawaita wanawake wa kijiji, wakaja na mifuniko ya masufuria iliyosuguliwa kwa majivu, wakajipanga migombani kwa jirani, wakaurusha mwanga hadi kwenye sanduku. Mwenye kihamba, Monica, aliwafokea kwamba wanamulika ng'ombe wake, na ng'ombe hahusiki na gesi ya wafadhili. Dakta alikuwa akisali. Mimi nilipuliza, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekula sahani mbili za kiburu, ndizi na maharage.

Mama akawaeleza wageni kila kitu, taratibu, bila mtu kumkatiza. Kisha akawasha kiberiti. Ukatoka moto wa bluu, mfupi kama kidole cha mtoto, ukachemsha kikombe kimoja cha chai. Mkuu wa wageni akainywa, akauliza kama kuna sukari. Kituo kipo mpaka leo, na watoto wa Mama walimaliza shule.

Toka siku hiyo nimepuliza kila walipokuja wageni. Wakati wa Kwaresima moto ulifupika, Pasaka ukarefuka. Anayebisha aje aniulize.

Mama Flavia, asante kwa kazi na kwa uvumilivu. Tunakuombea mapumziko yenye afya, ng'ombe mwenye maziwa, na jua hata mwezi wa saba.

Imebaki jambo dogo. Wiki iliyopita Mama alikuwa akimkabidhi Stella, fundi mpya, mitambo yote, akimwonyesha kila mpira unakokwenda. Wangu ulipita dirishani ukatoka nje, ukaishia kwenye shina la mgomba. Stella akauliza huu ni wa nini. Mama akasema huo ni wa kumnyamazisha Thadeus. Nimekwenda kuutazama mgomba wenyewe. Umestawi kweli kweli, lakini ule moto sikuuchangia hata pumzi moja.