Kapya, Aliyejibebea Wivu Wake

Marehemu Kapya Marceline alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Lubumbashi, Katuba, mtoto wa Mzee Mumba, mfanyakazi wa tanuru la shaba, na Mama Germaine, mzaliwa wa Kambove. Alitangulia yeye, kisha akafuata pacha wake, Kabange Simone. Mwaka 1972 Serikali ilipoamuru majina ya ubatizo yawekwe kando, Marceline na Simone yalibaki ya kanisani tu. Mtaani walikuwa Kapya na Kabange, na hakuna aliyemtaja mmoja bila wa pili.

Waliolea mapacha wanajua kazi yake. Akipewa huyu, apewe na yule, siku hiyohiyo, kwa kipimo kilekile. La sivyo aliyenyimwa ataona wivu, na wivu wa pacha, wazee walisema, huleta ugonjwa. Mama Germaine alikata vitenge katikati, akagawa hata ganda la mkate.

Desturi hiyo ndiyo iliyoichelewesha familia kufika hospitali mwaka 1971. Kapya, akiwa na miaka mitatu, alianza kunywa maji bila kukoma, akalowesha kitanda, akakonda huku anakula. Bibi yake akakumbuka kwamba mama wa ubatizo alimletea Kabange viatu vyekundu, na Kapya hakuletewa kitu. Basi, ugonjwa ukapata jina: wivu. Kapya alinunuliwa viatu, na ili moyo wake utulie akanyweshwa munkoyo wa mahindi uliokolezwa sukari, asubuhi na jioni. Alivyozidi kudhoofika ndivyo walivyozidi kumbembeleza. Siku alipozimia, baba yake alimbeba mgongoni hadi hospitali, na huko wakaambiwa mtoto ana kisukari. Walimpenda kwa njia waliyoijua, na mtu asije leo kumlaumu bibi yule.

Tangu hapo Kapya akawa mtu wa sindano za insulini. Sasa ikawa zamu ya Kabange kuona wivu, akilia kwamba mwenzake anapewa kitu naye hapewi. Mama yao akajua la kufanya: akishamchoma Kapya, alimpaka Kabange pajani pamba yenye spiriti. Kabange alinyamaza, tena akachechemea kuliko mgonjwa mwenyewe.

Septemba 1974 waliingia shule pamoja. Kabange alisoma kwa kasi. Kapya alijifunza herufi leo, kesho zimetoka kichwani. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, na chakula chake ni sukari. Ikizidi mno huuumiza, ikishuka ghafla huuacha na njaa. Kapya alikuwa ameyaonja yote mawili: kuzimia kule kwa kwanza, na degedege zilizomshika kila sindano ilipomzidi nguvu. Hakuwa mvivu wala mjinga.

Lakini wivu alikuwa nao, na hakuuficha. Aliyazika madaftari ya dada yake ndani ya gunia la makaa, akasema ni panya. Alipoulizwa ni panya gani anayejua kufunga gunia kwa kamba, akajibu kwamba panya wa Katuba wameendelea.

Mwaka 1976 aliambiwa arudie darasa la pili. Mzee Mumba, aliyeuogopa wivu wa mapacha kuliko kisukari chenyewe, akaamua Kabange naye arudie, ingawa alishika nafasi ya kwanza. Mwaka mzima Kabange alikaa kando ya dada yake bila kumsemesha, roho ikimuuma kwamba nyumba nzima inazunguka sindano ya mtu mmoja. Mwisho wa mwaka Kapya alishindwa tena, na baba akajiandaa kumzuia Kabange mara ya pili. Hapo Kapya, msichana wa miaka tisa, alikwenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, umuache Kabange aende. Wivu iko yangu, nitaibeba miye mwenyewe."

Kabange akaenda.

Kuanzia 1982 Kapya alifanya kazi kwa Mama Amida, mshonaji mwenye asili ya Maniema, katika mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Vipimo havikumkaa kichwani, hivyo Mama Amida alimtajia upya kila mara, naye akashona mapindo na vifungo. Mwezi wa Ramadhani aliwaonea wivu waliofunga, akataka kufunga nao. Mama Amida alimkalisha mbele yake hadi amalize sahani.

Hakujaliwa kuolewa. Kabange alipoolewa mwaka 1988 na Chomba, dereva wa malori ya mpakani Kasumbalesa, bwana arusi alitakiwa kuleta kila zawadi mara mbili, akaleta. Kapya alivaa gauni sawa na la bibi arusi, akaketi katikati ya maharusi garini, akagoma kushuka. Alimwambia kila aliyemsihi kwamba anaona wivu, na kwamba atashuka ukimpungua.

Mei 1989 figo zake zilianza kushindwa. Alifariki hospitalini Jumamosi, tarehe 12 Agosti, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kabange.

Tangu siku ile wapo wazee waliotaka Kabange afichwe, asikanyage makaburini, wakihofu kwamba marehemu atamvuta mwenzake kwa wivu. Wanataka kumlinda, na familia inawashukuru. Lakini Kapya alipata nafasi ya kumshikilia mwenzake tangu ana miaka tisa, akamwachia. Jana Mama Germaine alikata kitenge kipya katikati, nusu ya kumvika marehemu. Kabange alichukua nusu iliyobaki, akajifunga, akawajibu wazee.

"Mumuache Kapya aende. Wivu iko yangu sasa, nitaibeba miye mwenyewe."

Marehemu ameacha wazazi wake, Mzee Mumba na Mama Germaine. Mjomba wake Kunda, anayesoma haya. Shemeji yake Chomba. Mama Amida, aliyemlea kazini. Na pacha wake Kabange, aliyesimama hapa kando ya kaburi na nusu yake ya kitenge.

Lala kwa amani, Kapya. Umeachiwa uende.