Nani Atalirudisha Jina la Bernadina

Kwanza nieleweke: benchi hili ni langu. Nililigongelea misumari mwenyewe kwa ajili ya wateja wanaosubiri kunyolewa, na saluni yangu ndiyo hiyo hapo nyuma, imeandikwa Mwigulu Kinyozi kwa rangi ya bluu. Lakini hapa Katoro ukiweka benchi nje, halafu Ndaki akaweka birika lake la kahawa pembeni, ujue benchi si lako tena. Anakuja Ngassa, tunayemwita Waziri kwa sababu kila alisemalo analisema utadhani ametoka kwenye baraza la mawaziri asubuhi hiyo. Anakuja Herman mchimbaji, tunamwita Moko, maana ile moko, patasi yake ya kupasulia mwamba, haiachi hata akija kunywa kahawa. Anakuja Hozefa wa duka la vifaa vya ujenzi, anasema nakaa dakika mbili tu, na adhuhuri inamkuta hapohapo. Wateja wangu wanasimama juani. Leo hawa wa benchi walikuwa wanabishana habari ya mvua, mara tukamwona Deusdedit mwenye gesti, Deo wetu, Baba Esta, anakuja mbiombio, vifungo vya shati kavikosea, simu kaishikilia mbali na mwili. Salamu hakutoa.

— Jamani, tazameni hapa, halafu mniambie kama ni macho yangu.

Tukainama wote. Mayo wane, mama yangu! Hozefa aligeuza uso barabarani. Ndaki alimimina kahawa nje ya kikombe. Mimi nilikuwa na mteja, nikamwacha na kichwa nusu.

— Wanawake wako uchi, — Moko akasema.

— Naona!

— Wote.

— Moko, nimesema naona!

— Sasa Baba Esta, asubuhi yote hii unatafuta nini huko?

— Sikutafuta! Nimeandika jina la gesti yangu. Bernadina Gesti, nukta, kom. Soma hapo juu. Soma!

Tukasoma. Kweli bwana. Jina lilelile lililopakwa ukutani kwenye gesti yake, jina la mkewe, Mama Esta, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye akipita hapa hata Moko hukunja miguu yake vizuri. Na chini ya jina hilo, hao wanawake.

— Na leo ndiyo wanaleta posa ya Esta, — Deo akasema. — Wako kwenye basi wanatoka Chato. Mshenga kanipigia sasa hivi. Mjomba wa kijana alitaka kuona vyumba watakamolala, akaandika jina. Sasa mshenga ananiuliza, eti hii familia tunayokwenda kuoa inafanya biashara gani hasa?

Khaa!

— Wameingiaje humo? — Moko akauliza. — Si ulinionyesha mwenyewe, kulikuwa na picha za vitanda?

— Ndiyo nashangaa! Vifaa niliacha ndani!

Hapo nimweleze asiyetoka machimboni. Deo kabla ya gesti alikuwa mchimbaji, na kwenye machimbo yetu shimo la mtu tunaliita duara. Ukienda kuzika au ukiugua, unaacha nyundo yako chini humo. Anayepita akiiona anajua mwenyewe yupo, hagusi, hata ukikaa masika yote. Anayegusa anafukuzwa machimbo yote. Kumbe Deo alikuwa ameweka picha za vyumba mtandaoni, akaweka na picha ya Mama Esta amesimama mlangoni, akasema duara langu hilo, lina nyundo, nani ataingia?

— Tulia, — Waziri akasema, akapandisha suruali. — Hili ni la serikali. Mtandao wote una mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Inapigwa simu moja tu. Jioni hao wanawake wamevaa nguo.

— Serikali ya wapi? — Hozefa akauliza.

— Serikali ni serikali!

— Bwana Waziri, mimi nauza nondo, lakini hata mimi najua hiyo kom si ya hapa. Ngoja nimpigie Fiza. Si ndiye aliyeitengeneza hiyo tovuti?

Fiza ni binti yake, anafanya kazi ya kompyuta Mwanza. Hozefa akampigia, akamweleza, kisha akaweka simu sauti ya juu katikati ya benchi, sote tukaizunguka.

— Shikamoo Baba Esta.

— Marahaba mwanangu. Nimekwisha.

— Nimeiona. Pole sana, hata mimi nimetetemeka. Lakini Baba Esta, nilikwambia jina linasajiliwa upya kila mwaka. Nilikupigia mara mbili. Ukaniambia hakuna mtu anayeingia kwenye duara lenye nyundo.

Deo akakaa chini. Si kwenye benchi, chini kabisa, kwenye vumbi.

— Muda ulipopita likarudi sokoni, — Fiza akaendelea. — Mtu akalichukua. Hatujui ni nani wala yuko nchi gani. Na kwa sheria zao hajaiba.

— Hajaiba! — Moko akaruka. — Kaingia kwenye duara la mtu hajaiba?

— Binti yangu, — Waziri akakohoa, — hapa anaongea Waziri. Serikali imnyang'anye.

— Shikamoo mzee. Lingekuwa linaishia na nukta tz, hilo ni la nchi yetu, tungejua mlango wa kugonga. Hili la kom haliko chini ya serikali yetu. Linafuata kanuni za shirika moja lenye makao Marekani, linaitwa ICANN. Wanakaa pamoja mezani: kampuni zinazouza majina, mafundi wa mitambo, watetezi wa haki, watumiaji wa kawaida, na serikali.

— Na serikali ndiyo mwenyekiti.

— Hapana mzee. Serikali zina kamati yao. Inatoa ushauri.

— Halafu?

— Halafu bodi inaupima. Ikiukataa, inaeleza sababu.

Waziri aliweka kikombe chini polepole. Namfahamu mtu huyu tangu anavaa kaptula, sijawahi kumwona vile.

— Ushauri? Serikali? Serikali hii inayofunga soko zima kwa tangazo la redio, inakwenda mahali inashauri? Na inaambiwa hapana?

— Inaambiwa, mzee, na sababu inapewa.

— Inakaa na nani tena ulisema?

— Kampuni, mafundi, watumiaji wa kawaida.

— Watumiaji wa kawaida ndiyo akina nani? — nikauliza mimi.

— Nyinyi hapo. Mwenye kutaka anaweza kujiunga, akasema.

Tukatazamana. Ndaki alijigusa kifua kuhakikisha kama na yeye yumo.

— Yaani mimi nina kiti Marekani? — Moko akauliza kwa sauti ndogo. Kisha ikapanda. — Na nani amekalia kiti changu miaka yote hii? Huyo ndiye kauza jina la Mama Esta! Kakaa pale, kasema natumwa na Moko wa Katoro, kapiga kura!

— Naona kila kitu sasa, — Waziri akasema, amefufuka. — Hiyo ni mbinu. Serikali zote zitoke kwenye hiyo meza leo hii. Tujenge mtandao wetu. Kila jina lipitie kwa mtendaji wa kata, ligongwe mhuri. Ukitaka kuandika neno kwenye simu, kwanza uonyeshe mhuri.

— Wallahi hiyo mbaya zaidi! — Hozefa akadakia. — Kila serikali na kufuli lake? Naamka asubuhi, nchi ambayo hata siijui imefuta duka langu kwa sababu jina linafanana na la shemeji ya mkubwa wao. Bora wasukumane hapo mezani.

— Basi mrabaha! — Moko akasema. — Kama kwenye dhahabu. Picha zao zikiingiza chochote, Deo apewe fungu lake.

— Moko! — Deo akalia kutoka vumbini. — Nipewe fungu la wale? Mimi sitaki meza, sitaki Marekani. Nataka picha zitoke kabla basi halijafika. Fiza mwanangu, hakuna njia?

— Ipo ya kulalamika, Baba Esta, lakini uwe na haki ya alama ya biashara kwa jina hilo. Ulisajili?

— Niliandika ukutani.

— Nitaiandikia kampuni iliyomuuzia huyo mtu hilo jina. Lakini si jambo la leo.

Simu ikakatika. Ndaki akainamisha birika, yakatoka machicha tu. Ndipo nikamwona Mama Esta amesimama nyuma yetu, kitenge kipya cha kupokelea wageni, kilemba, mikono ina unga. Sijui alisimama hapo tangu lini. Deo aliificha simu mfukoni.

— Usiifiche. Dada yangu wa Chato kanitumia, — akasema. — Nimeambiwa mna kikao cha jina langu. Mmeamua nini?

Waziri akasimama kwa heshima, akamweleza yote, meza na waliokaa mezani. Mama Esta akasikiliza bila kumkatiza.

— Kwa hiyo serikali ilikuwepo.

— Ilikuwepo, Mama Esta. Kwa ushauri.

— Na wauzaji.

— Nao.

— Na mafundi, na wananchi.

— Wote, wote kabisa.

— Sasa mimi nauliza kimoja tu. Katika hao wote, na wewe Baba Esta ukiwemo, nani aliniuliza kama nataka jina langu liende huko?

Waziri akapandisha suruali tena. Hozefa akaangalia duka lake. Mimi nikamkumbuka ghafla mteja wangu wa kichwa nusu.

— Nilitaka kukushtukiza, Mama Esta, — Deo akasema. — Nilitaka ufurahi.

— Nimeshtuka.

Simu ikaita mfukoni mwa Deo. Mshenga. Bila shaka wameshuka stendi. Deo akaitoa, akaitazama inavyoita. Mama Esta akanyoosha mkono wenye unga.

— Lete.

— Mama Esta, siku ya posa mama wa binti haongei na mshenga. Wataongea wazee.

— Wazee si nyinyi? Mmeongea asubuhi nzima. Lete simu.

Akampa. Akaiweka sikioni, akageuka akatutazama sote mmoja mmoja.

— Haloo. Ndiyo, umepata Bernadina mwenyewe. Nimeziona hizo picha, ndugu yangu. Waulize hao wageni, wanataka kuniuliza mimi, au wameshamaliza kujibiwa na simu?