Babu Chokaa na Swali Lisiloulizwa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliyesimama na avute kiti akae. Mimi nimekwishakaa, maana magoti yangu siku hizi hayashauriki.

Leo tunamkumbuka Babu Chokaa. Wengi wenu mmekwisha kusikia. Kwa ambao hamkusikia, nasema tena taratibu. Babu Chokaa, fundi rangi wetu, ametutoka Jumamosi iliyopita. Ametutoka asubuhi, akiwa kazini, chini ya ukuta wa zahanati. Tulimzika Jumapili.

Mji wetu mnaujua. Ni barabara moja ya maduka, na zahanati mwisho wake. Ng'ambo kuna uwanja wa kiwanda cha mbao, ambacho misumeno yake ilinyamaza zamani. Kiwanda kilipofungwa, watu walianza kuhama. Mji unaohamwa, wapendwa, ni kama kinywa cha mzee. Likitoka jino moja, la jirani nalo linaanza kucheza. Aliondoka mwenye duka la viatu. Akafuata fundi cherehani. Akafuata muuza vitabu, aliyekuwa ameapa kwamba yeye haondoki ng'o.

Babu Chokaa hakuondoka. Lakini fundi rangi atapaka nini mahali ambapo hakuna anayejenga? Basi Jumamosi moja alikoroga chokaa kwenye ndoo, akabeba ngazi yake inayoyumba, akaenda kupaka duka la fundi cherehani. Duka lililofungwa. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa.

Siku hizo binti yake alikuwa amekuja likizo kutoka mji mkubwa anakofanya kazi. Alimkuta baba yake juu ya ngazi, shati lote jeupe, jua la saa sita likimpiga utosini. Alisimama chini akamtazama. Kisha akamwambia, "Baba, unampaka maiti poda."

Babu hakukasirika. Alichovya brashi, akajibu, "Hata maiti, mwanangu, huogeshwa."

Maneno hayo yalizunguka mji mzima kabla ya jioni. Jumamosi iliyofuata alikuja msusi na ufagio. Akaja mwalimu mstaafu na koleo. Akaja fundi wa kuchomelea, akaziunga nondo za paa la soko zilizokuwa zinaning'inia. Ndivyo kilivyoanza kikundi cha Jumamosi. Walizibua mitaro. Walirudisha mabenchi kituo cha basi. Walifagia hata mbele ya maduka yasiyo na mtu.

Sasa niseme ukweli, maana Babu hakupenda sifa za marehemu zilizotiwa sukari. Kujitolea ni kuzuri siku ya kwanza. Siku ya kwanza hata ndoo ni nyepesi, na kila mtu anaimba. Miaka ikienda, ndoo inakuwa nzito na nyimbo zinakwisha. Watu walichoka. Mmoja ana mgongo, mwingine ana wajukuu, mwingine amehama kabisa. Babu naye alichoka. Nilimkuta mara nyingi ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, mikono magotini, anautazama ukuta kama mtu anayemtazama mkwe asiyependa kuondoka. Nikimuuliza hali, ananiambia, "Bibi wa Redio, nimechoka mpaka uchovu wenyewe umechoka." Kisha anainuka.

Kwa nini aliinuka? Hapo ndipo penye kumbukumbu yetu ya leo.

Mkewe, ambaye yeye alimwita Mwenye Nyumba, ana presha na ana sukari. Lazima apimwe mara kwa mara, na apate dawa. Zahanati ikiwa na nesi, anatembea kwa miguu yake, anapimwa, anarudi. Zahanati isipokuwa na nesi, ni safari ya kutwa nzima barabarani, na mama yule hawezi tena. Binti yao alikuwa amekwisha sema, bila kuficha, kwamba siku zahanati ikifungwa atakuja kumchukua mama yake. Na Babu alijua kwamba mkewe akienda, naye ataenda. Wamekula pamoja maisha yao yote. Angebaki na nani? Kwa hiyo mnaelewa, wapendwa. Nesi akikaa, Mwenye Nyumba anakaa. Nesi akiondoka, nyumba ile inafungwa, na brashi inaondoka nayo.

Na manesi walikuwa hawakai.

Wa kwanza aliondoka kabla hatujalijua jina lake vizuri. Wa pili aliondoka Jumapili, akaacha ufunguo chini ya sufuria. Kikundi kikasema ni nyumba ya nesi, inavuja. Wakaezeka upya. Akaja wa tatu, kijana mpole, anacheka na watoto. Tukasema huyu ndiye. Tulimpenda mno. Alfajiri kabla hajanawa uso, watu wako mlangoni na salamu. Huyu kaleta mayai, huyu kaleta kuni, huyu kaja kumtazama tu. Na kila mmoja, baada ya salamu, alikuwa na swali lile lile. Utakaa? Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekuwa hodari wao. Akienda kazini anachungulia dirishani, "Nesi, utakaa?" Akirudi anachungulia tena, utadhani jibu linaiva kama ndizi.

Kijana yule naye akaomba uhamisho.

Babu Chokaa alimsindikiza mpaka kituo cha basi. Alimbebea godoro kichwani. Walipoketi kwenye lile benchi, Babu alimuuliza kwa adabu kama ni paa. Kijana akasema, "Babu, paa halina neno. Nimechoka kuulizwa kama nitakaa. Mnanitazama kama mgonjwa mahututi. Kila asubuhi mnakuja kuona kama bado nipo."

Basi likaja, kijana akapanda. Babu akarudi kwa miguu, akawaita wenzake kwenye kibanda cha msusi, akawaeleza neno kwa neno.

Msusi alishika kiuno. "Yaani tumemfukuza kwa salamu?"

"Salamu hazina kosa," Babu akasema. "Ni lile swali la baada ya salamu."

Mwalimu alibisha. Alisema mgeni asiyeulizwa hujiona hatakiwi. Fundi wa kuchomelea alikuwa anazitazama ndara zake. Mwishowe Babu akatoa neno lake, na hili naomba mlishike. Alisema, "Kuchoka si dhambi, sote tumechoka. Dhambi ni kumchosha mwenzio kwa sababu wewe una wasiwasi." Wakakubaliana. Nesi atakayekuja hataulizwa kama atakaa. Mwenye hamu ya kuuliza na aulize habari za asubuhi.

Akaja nesi wa nne. Huyu tuliye naye. Alikuja na masanduku mawili. Kikundi kilimbebea mpaka ndani, kikamwonyesha bomba la maji, kikaaga. Msusi alijiuma mdomo njia nzima. Fundi wa kuchomelea alibadilisha njia ya kwenda kazini, asilione lile dirisha likamshinda. Mnacheka? Muulizeni mwenyewe.

Nesi akaanza kazi. Ukapita mwezi, ikapita masika, mwaka ukageuka. Mwenye Nyumba alipimwa, akapewa dawa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakuna aliyeuliza.

Sasa niwaambie jambo ambalo Mwenye Nyumba amenieleza wiki hii, na nesi mwenyewe ameniruhusu nilitangaze. Siku moja Babu aliitwa kupaka chumba cha nesi. Alikuta sanduku moja limefunguliwa, nguo zimetundikwa. La pili lilikuwa limesimama karibu na mlango, limefungwa kama lilivyokuja. Zaidi ya mwaka. Nguo zimo ndani, tayari kwa safari.

Babu aliweka ndoo chini. Alilisogeza taratibu. Akavua koti lake akalifunika, chokaa isilidondokee. Akapaka kuta zote nne. Alipomaliza, akalirudisha pale pale karibu na mlango, kishikio chake kimeelekea upande wa kitanda cha nesi, ili siku akitaka kulibeba asihangaike.

Nyumbani alimsimulia mkewe, yeye peke yake. Mkewe akamuuliza kwa nini hakulisukuma chini ya kitanda, labda nesi angelisahau. Babu akamwambia, "Mwenye Nyumba, anayejua mlango uko wazi hulala usingizi. Aliyefungiwa hukesha akitafuta ufunguo."

Hivyo ndivyo alivyoishi tangu siku ile. Anajua sanduku limefungwa. Anajua siku yoyote mkewe anaweza kuchukuliwa, na yeye nyuma yake. Na kila asubuhi anapita mbele ya zahanati, anainua mkono, anasema, "Habari za asubuhi, nesi?" Basi.

Jumamosi iliyopita kikundi kilikuwa watu wachache sana. Siwalaumu waliobaki nyumbani, hata mimi nilibaki. Babu alianza kupaka ukuta wa nje wa zahanati. Alifika nusu. Akashuka, akaipindua ndoo, akaketi, akamwambia fundi wa kuchomelea, "Ngoja nivute pumzi." Nesi alimwona kupitia dirisha, akatoka mbio na kipimo chake. Babu akamtania. Alimwambia kwamba leo si zamu yake ya kupimwa, ni ya mke wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Nesi alifanya yote awezayo kufanya. Moyo ulikuwa umesimama. Fundi wa kuchomelea anasema nesi hakuuachia mkono wake kwa muda mrefu, na alipouachia, kiganja chake kilikuwa cheupe kwa chokaa.

Binti alifika kwa basi la kwanza siku ya Jumapili. Alikuja na kamba mpya, ya kufungia mizigo ya mama yake.

Baada ya maziko tuliketi sebuleni. Viti vilikuwa haviwatoshi watu. Nesi akaingia kutoa pole. Kabla hajaketi, binti akasimama. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka. Akasema, "Dada nesi, utanisamehe. Utakaa? Mimi nina mama mmoja. Usiponijibu, jioni hii namfungia mizigo."

Wapendwa, ni lile lile swali. Fundi wa kuchomelea akakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Msusi akafunika uso kwa mkono.

Nesi hakuharakisha. Aliinama kwa Mwenye Nyumba, akamshika kifundo cha mkono. Akasema mama hajala tangu jana, sukari itashuka, apewe chakula kwanza. Kisha akamgeukia binti. "Kesho nafungua asubuhi kama kawaida. Nitampima yeye wa kwanza."

"Sikuuliza kesho," binti akasema.

"Najua, dada. Lakini mimi nina kesho tu. Nikikuahidi zaidi, nitakuwa nakupa nisichokuwa nacho."

Binti akaitazama ile kamba. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hapo Mwenye Nyumba akanyoosha mkono, akalishika gauni la nesi. Lilikuwa gauni la buluu iliyokolea, hatujapata kuliona. Lilikuwa na mistari ya mikunjo kifuani na magotini, kama nguo iliyokunjwa siku nyingi, na lilinuka dawa ya wadudu wa nguo. Mwenye Nyumba akapitisha kidole juu ya mkunjo mmoja, polepole.

"Hili ulikuwa umeliweka wapi, mwanangu?"

"Lilikuwa kwenye lile sanduku jingine, mama," nesi akasema. "Sikuwa na nguo nyingine ya heshima ya kumzikia."

Mwenye Nyumba akaliachia gauni. Kisha akasema, "Lina mikunjo. Kesho nikija kupimwa nitakuja na pasi. Yangu bado inashika moto." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, mizigo yangu iache kabatini."

Hakueleza zaidi. Mimi nilielewa baadaye, aliponisimulia habari ya lile sanduku na koti la Babu.

Binti aliondoka Jumatano, peke yake. Nilimkuta kituoni, ameketi kwenye lile benchi lililorudishwa na baba yake. Aliniambia tu, "Bibi, ile kamba nimeiacha nyumbani. Mwambieni fundi wa kuchomelea aifungie ngazi ya baba. Inayumba mno."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu ndogo, natoa pole. Pole kwako, Mwenye Nyumba. Pole kwako, binti, huko uliko. Pole kwa kikundi cha Jumamosi, wachache mliobaki. Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee wetu, maana alikuwa amechoka kweli.

Nanyi mnaonisikia, tufikiri kidogo. Tunapompenda mtu, tunampa nafasi, au tunamkalia kooni? Kila nyumba na ijijibu yenyewe.

Ukuta wa zahanati bado uko nusu. Nusu nyeupe, nusu tope. Brashi zimo kwenye ndoo, na ngazi imefungwa kamba, sasa haiyumbi. Jana nilipita pale. Dirisha la nesi lilikuwa wazi, na lile gauni la buluu lilikuwa limetundikwa ukutani, limenyooka, halina mkunjo hata mmoja. Kuhusu nguo nyingine za lile sanduku, sijui. Sikuuliza.

Mkija Jumamosi kumalizia ukuta, mtapita chini ya dirisha hilo. Msalimieni nesi. Salamu tu.