Mbuzi ya Mama na Pano la Jua

Pale njia ya Kasulo inapokutana na njia ya soko, chini ya nyaya nene za umeme zinazopita juu ya mapaa bila kusalimia mtu, zikikimbilia mgodini, kuna benchi moja la ubao wa reli lililokalishwa juu ya matofali. Mwenye benchi ni Mama Tshibola, kwa sababu ndiye mwenye kahawa na mikate ya mafuta. Wanaolikalia kila asubuhi ni watatu, na majina yao ya ubatizo yanakumbukwa na padri tu. Yuko Kapita, mzee Kankolongo, binamu yake Tshibola na hivyo mjomba wa watoto wake, aliyekuwa msimamizi mgodini zamani na hajaacha kusimamia mpaka leo. Yuko Batri, yaani Stany, fundi wa simu. Na yuko Makala, yaani Banza, anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala kutoka njia ya Kasaji. Ijumaa hiyo walikuwa na neno moja mdomoni, nalo lilikuwa la Tshibola mwenyewe. Kesho yake watu wangekuja kumtolea mahari binti yake, Abigaëlle. Na jana jioni bakwe, yaani watu wa upande wa kijana, walikuwa wametuma ujumbe: ile mbuzi ya mama, inayomshukuru mama kwa tumbo lake na uchungu wake, hawataleta. Mahali pake wataleta pano la jua, lile bamba la kunasa umeme wa jua, na batri yake. Mjumbe wao anakuja asubuhi hii kuchukua jibu.

Tshibola alikuwa anageuza mikate, na moyo nao unageuka. Mume wake ameenda kazini akisema mbuzi ya mama ni maneno ya bamama. Pano angelitaka, jamani! Yeye hukaanga kabla hakujapambazuka, na courant, umeme wa mtaa wao, huja kama mgeni wa mbali, ikikaa kidogo inaaga. Mikono yake ina alama za mafuta mpaka kwenye kiwiko. Lakini sauti ya marehemu mama yake ilikuwa imekaa sikioni tangu jana: «Mbuzi ya mama isipoingia kwa mulango, mutoto wa binti yako naye ataukosa mulango wa kutokea.» Sasa, mtu anakubali taa halafu binti yake apate shida siku ya kuzaa? Hakulala.

— Kataa, Tshibola, alisema Kapita. Bazee balisema: asiyesikia la mukubwa anabunjika mguu. Sasa pano iko na mguu? Haina. Kintu chenye haina mguu ya kubunjika, kitasikia nani?

— Tata Kapita, weye unalilia paja, Batri akamwambia. Paja ya mujomba. Sema tu ukweli.

— Na kama ninalilia? Ni haki yangu! Paja ya mujomba, kifua ya shangazi, shingo ya bile bijana binachinja. Pano utaikata namna gani? Utanipatia kipande ya kioo nikatafune?

— Angalia vizuri, mukubwa. Mbuzi inakula majani, pano inakula jua. Mbuzi unaifunga kamba, pano unaifunga nyaya. Usiku ikifika, yote mbili inalala. Mbuzi inashinda pano kwa nini?

— Kwa muchuzi.

Makala alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Tshibola hakucheka. Alitia mikate mingine.

— Minaona mbele kuliko nyie, Makala akasema akijipangusa. Leo ni taa. Kesho sufuria ya courant. Kesho kutwa mama anapanda maua mu mbabula yake ya makala, na mi na kinga yangu, hii baiskeli, tutaenda wapi? Chovya chovya inamaliza buyu ya asali!

— Hiyo ni ya asali, Makala.

— Ni ya makala vilevile.

Kapita alinyanyua kikombe kama mtu aliyeona mshipa wa madini.

— Ngojeni kwanza. Batri, weye fundi. Batri ya ile pano inatoka wapi?

— Kule nje, Ulaya, China...

— Na cobalt, ile jiwe ya kuitengeneza?

— Inatoka hapa hapa kwetu! Kasulo hapa, chini ya nyumba za batu.

— Njo ile! Kapita akapiga paja lake mwenyewe. Mama Tshibola na bwana yake balikuwa banakaa Kasulo. Chumba ya kulala ilichimbwa mpaka kitanda ikakosa fasi. Ile jiwe ilienda malishoni, ikazunguka dunia, sasa inarudi imenona. Batu banatupatia mbuzi yetu wenyewe! Mutu anaoaka kwa mbuzi ya mukwe wake?

Makala alisogea mbele ya benchi, maana neno lilikuwa na uzito.

— Kuko neno mubaya kupita ile, Makala akasema, sauti chini. Abigaëlle alizaliwa wapi?

— Kasulo, akajibu Tshibola, na mkono wake ukasimama hewani.

— Alikunywa mayi ya Kasulo?

— Alikunywa.

— Basi mutoto wa nyoka ni nyoka. Batri ya pano ni ya tumbo moja na Abigaëlle. Ni kaka yake. Mulishaona mutu anaoa dada, anatoa mahari ya kaka?

— Yesu wangu! akasema Tshibola.

— Na haiishi pale! Makala sasa alikuwa amesimama. Matajiri bakijua jua yetu iko na ubora, bataizungushia ukuta. Batatia barrière, na mulinzi. Ukitaka kuanika mihogo, unaonyesha karatasi. Na siye tutaingia usiku kuchimba jua kwa kujificha.

— Usiku jua iko wapi? Batri akauliza.

— Njo maana tutachimba!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanaume mmoja, viatu vyeupe kwa vumbi. Alifika wakati wa maneno ya paja, akawa anaomba kahawa kwa ishara, kikombe baada ya kikombe, na hakuna aliyemuuliza jina. Alikohoa kidogo.

— Bazee, musamaha. Ile batri ya pano, kati yenu nani alishaifungua akaona cobalt ndani?

Kapita alimwangalia Makala. Makala alimwangalia Batri. Batri alichungulia kikombe chake kama simu iliyoingia maji.

— Batri ziko aina nyingi, akasema. Zingine ziko nayo. Zingine, banasema, hazina.

— Hii moja je?

— Hii... hii sijaiona.

— Siye tulikuwa tunachimba, Kapita akajitetea. Hatukuwa tunafungua.

Tshibola aliweka mwiko chini.

— Tata, weye ni nani?

— Ngeleka, mama. Mujomba wa kijana. Nimekuya kuchukua jibu. Benchi ilinipatia majibu mingi, lakini nilitumwa kwako.

Kapita akasogea haraka kumpa nafasi, ingawa mtu alikuwa ameshakaa.

— Tata Ngeleka, hii mawazo ya pano ilitoka kwa nani? Tshibola akauliza. Kwa kijana yenu?

— Hapana. Kwa binti yako. Mbuzi iko kwetu, tulishaichagua. Lakini Abigaëlle alikuya kutusalimia, akatuuliza: «Siku nitakuwa nanyi huku, nani atamushikia mama torchi akiwa anatia mikate mu mafuta?»

— Mulimujibu nini?

— Tulipiga hesabu, mama. Njo tukasema, bitu bibili ni bizito kwetu, tupeleke taa.

Mkate mmoja uliungua na Tshibola akauacha uungue. Miaka saba mtoto yule alisimama kando yake na torchi, akipiga miayo, hakuwahi kusema nimechoka.

Halafu Tshibola akakaa wima.

— Tata Ngeleka, sikiliza jibu yangu. Pano mulete, nitaipokea kwa mikono mbili. Lakini ile si mahari. Ni mutoto anamupatia mama yake, nyie mulibeba tu. Sasa nyie wenyewe, kwa ile tumbo yangu, bado hamujasema aksanti.

Ngeleka alicheka mpaka akashika magoti.

— Mama, nilitumwa kuondoa mbuzi. Sasa ninarudi kuifunga kamba!

— Hata kambuzi kadogo, tata. Hata kenye kuachishwa ziwa jana. Lakini kaingie kwa mulango na miguu yake.

— Katakuwa na paja? akauliza Kapita.

— Ya kukunyamazisha, mukubwa, Batri akamjibu.

Wakapiga makofi, na Kapita akanyoosha kikombe: neno kama hili linataka kahawa nyingine. Tshibola aliinamisha birika. Likatoa tone moja, na chicha.

— Imeisha, akasema. Nyie mulikuwa munaongea. Bakwe balikuwa banakunywa.