Mpaka Niseme Amina

Basi la asubuhi linalotupeleka kazini ghalani Shakopee, huku ughaibuni, huwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Leo, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja Mkenya alikuwa akimsimulia Mkongomani aliyeketi kando yake habari za gari lisilo na dereva, alilopanda alipomtembelea bintiye katika mji wa Phoenix.

"Mimi siwezi safiri bila kuombea dereva," alisema. "Nikafunga mkanda, nikafunga macho: Baba, mshike dereva wetu. Nikakumbuka hakuna dereva, lakini maombi utaachia katikati? Hiyo gari haikusonga. Kusema tu amina, ikaondoka."

Mkongomani akacheka, kicheko cha mtu anayeshinda na maroboti ghalani. "Mama, ile ni mashini tu. Pengine mulango haikufungwa muzuri."

"Ulifungwa. Na wakati wa kurudi nikanyamaza makusudi. Ikakaa. Dakika tano nzima, mimi naangalia usukani, usukani unaniangalia."

"Sasa ukafanya nini?"

"Nikaomba. Wewe ungefanya nini?"

Hakucheka tena. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unaombea nani, mama?"

Basi likasimama mbele ya ghala kabla hajajibiwa. Watu wa huku humshukuru dereva wanaposhuka, nami nimeshaizoea desturi hiyo. Nikasema asante kama kila siku. Leo, kwa mara ya kwanza, nikasimama mlangoni kungoja dereva ajibu.