Nani Alimwona Jimu Akifa

Mbele ya duka la nguo pale Nachingwea, barabara inapokata kwenda kwenye kambi za mradi wa karanga, kuna gogo ambalo tingatinga lililing'oa mwaka ule wa kwanza, hakuna aliyelitaka tena, wanaume wakaligeuza benchi. Alasiri Abdala anakuja na dele lake la kahawa na kashata, na wenye kijiwe wanajipanga: Shaibu, wanayemwita Gia kwa sababu ni utingo wa trekta na anajiita dereva, na Teofili, wanayemwita Tochi, kwa sababu gari la sinema likija kambini yeye ndiye anayeshika tochi fundi akibadilisha mkanda, na tangu hapo anaongea kama binamu wa waigizaji wote wa Holiwudi. Mimi si wa kijiwe, mwanamke hakai pale, lakini Ijumaa ile nilikwenda, mtoto mgongoni anawaka moto, kwa sababu nilitaka jibu moja tu kabla mama mkwe hajafika kutoka Chiola.

Mume wangu Benedikto, ambaye siku hizo alikuwa kazini Ruangwa, alimpa mwanetu jina la Jimu. Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita yule mpanda farasi wa sinema mwenye kofia nyeupe. Basi Jumamosi iliyopita Jimu akafa kwenye sinema. Stelingi, shujaa wa sinema, hafi, kila mtu anajua, lakini akafa, na kesho yake mwanangu akashikwa na homa, na habari zikamfikia mama mkwe, akatuma neno: mtoto amebebeshwa jina la maiti asiye ndugu, aliyekufa vibaya, na mwenye jina anamwita. Anakuja kumchukua, wanakwenda Chiola kwa miguu, jina livuliwe kwa dawa. Mtoto mgonjwa, na jua lile. Mimi nimesoma mpaka sekondari, najua watu huigiza, shuleni niliwahi kuwa malaika wa Krismasi, lakini mtoto akiwaka mgongoni elimu yote inakimbia. Hata salamu sikumaliza.

— Shemeji Tochi, Jimu alikufa kweli au alijifanya?

Tochi akapuliza kahawa yake taratibu.

— Alikufa, mama Jimu. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na lile shuka linaloonyeshewa picha. Macho yalibaki wazi.

— Muongo huyo, shemeji, akasema Gia. Jimu ana pacha. Mmoja anapanda farasi, mwingine anapigwa risasi.

— Kwa hiyo aliyekufa ni pacha?

— Pacha, ndiyo.

— Na pacha anaitwa nani?

Gia akafikiri.

— Jimu pia. Wazungu hawana majina mengi.

Nikakaza kanga ya mtoto mgongoni.

— Hakuna pacha, akasema Abdala akisuuza kikombe. Baharia mmoja wa Lindi aliniambia wanatumia wafungwa. Mtu wa kunyongwa anavishwa ile kofia, anaambiwa kimbia.

— Na farasi? akauliza Gia.

— Farasi naye ana kesi.

Wakacheka. Mimi sikuweza.

— Kofia hiyo, akasema Tochi, mmewahi kuiona ikianguka? Anapigana na watu sita, anabiringika mlima mzima, kofia iko palepale. Imeshonwa kichwani. Fundi mwenyewe kanieleza.

— Akilala je? akauliza Abdala.

— Halali. Umewahi kumwona amelala kwenye sinema?

— Jumamosi nilimwona, akasema Gia.

— Pale alikuwa amekufa, bwana.

— Haya, akasema Abdala. Na yule bibi wa nyusi nyembamba, anayemlilia?

— Machozi yake yanakingwa kwenye chupa, yanauzwa kama marashi. Safari hii atajaza pipa.

Wakati huo ndipo nilipomwona mama mkwe, Moza, anavuka barabara na kaniki yake, vumbi la Chiola mpaka magotini, kifurushi cha mizizi kwapani. Wanaume wakasimama, wakampa shikamoo. Yeye sinema hajawahi kuiona hata siku moja. Akanyoosha mikono moja kwa moja kwa mtoto.

— Mama, nakuomba, ngoja kidogo, nikasema, hawajamaliza kunieleza.

— Basi na mimi wanieleze. Mganga atauliza mtu huyo alikufaje.

Tochi akajiweka sawa, sauti ikawa nzito.

— Alikufa peke yake, mama. Nyika tupu, mchanga, hata mti hakuna. Farasi kakimbia. Akatambaa, midomo imepasuka, anaomba maji, anaomba maji, mpaka akanyamaza.

— Hapakuwa na mtu?

— Hata mmoja.

— Na nyinyi mlimwonaje?

— Kwa mashine, mama. Inachukua picha, kisha picha inaletwa kwa gari.

— Mashine hiyo inatembea yenyewe?

— Hapana, inashikwa na mtu.

— Basi palikuwa na mtu.



— Mtu huyo, akasema mama mkwe, alisimama pale na mashine yake, mwenzake anaomba maji, asimpe?

Abdala akasahau kikombe mkononi.

— Hapana, mama mkwe akajijibu mwenyewe. Hata huko kwao mtu wa namna hiyo hapatikani. Alimpa. Nyinyi mlikwisha kuondoka. Jimu alikunywa maji yake, akaenda nyumbani.

Kisha akapitisha mkono mgongoni kwangu, akamshika mtoto shingoni.

— Huyu amelowa jasho. Homa inatoka, na wewe umemfunika kama mhogo wa kuvundika. Punguza nguo.

— Na Chiola, mama?

— Kufanya nini? Mwenye jina ni mzima.

Nikamshusha mtoto mgongoni, nikakaa kwenye gogo, mwanamke katikati ya wanaume, nacheka huku kamasi zinanitoka, na Jimu wangu ameanza kutafuta ziwa, siku mbili alikuwa halitaki. Abdala akampa mama mkwe kikombe. Akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

— Na mama yake?

— Mama wa nani? akauliza Tochi.

— Wa Jimu. Siku alipomwona mwanawe ameanguka kwenye hilo shuka lenu, nani alikaa naye akamwambia mwanawe ni mzima?

Mama mkwe akanipokea mtoto, akampakata, akawa anampepea kwa ncha ya kaniki, huku bado anawatazama, anasubiri wamjibu.