Bi. Verna Haugland: Miaka 41 Mapokezi, Wamiliki Wanne, Mitandao Mitatu

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Verna Haugland atastaafu baada ya kuhudumu mapokezi ya Chaneli 11 kwa miaka arobaini na mmoja kasoro siku tano. Hizo siku tano amezitaja mwenyewe, hakutaka tumwongezee. Katika muda huo kituo chetu kimekuwa na wamiliki wanne na kimepokea vipindi kutoka mitandao mitatu ya taifa. Mameneja tulijaribu kuwahesabu tukabishana, mwishowe tukamwuliza yeye. Ni kumi na mmoja.

Aliajiriwa Juni 1984, akiwa na miaka ishirini na miwili, akitokea shamba la alizeti la wazazi wake nje kidogo ya Marlow Bend. Kituo kilikuwa mali ya familia ya Schaffner, wauza matrekta wa ng'ambo ya barabara. Usaili wake ulichukua dakika chache tu. Mzee Delbert Schaffner alimwambia apokee simu iliyokuwa ikilia mezani. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye hasira na mtabiri wetu wa hali ya hewa, maana mvua ilikuwa imemharibia harusi ya bintiye. Verna alimsikiliza mpaka akachoka, akampa pole, kisha akauliza kama keki ilisalimika. Mzee Schaffner akaenda zake kunywa kahawa. Kesho yake Verna akaanza kazi.

Mwaka 1995 familia ya Schaffner iliuza kituo kwa kampuni ya Ohio, na wamiliki wapya wakahamia mtandao mwingine. Kwa walioajiriwa juzijuzi: kituo kama chetu hutengeneza habari na vitu vichache vya hapa nyumbani, vingine vyote huletwa na mtandao wa taifa kwa mkataba. Mkataba ukihama, vipindi vyote wanavyovipenda watazamaji vinahama nao siku moja. Mpira wa Jumapili ulivuka mto ukaenda kwa washindani wetu, Chaneli 4, na tamthilia ya mchana ikaufuata.

Wiki hiyo simu hazikupoa. Mmoja wa waliopiga alikuwa mzee Arvid Tollefson, mjane aliyeishi bondeni, ambako mawimbi ya Chaneli 4 hayakufika.

"Binti, yule daktari wa tamthilia alikuwa anataka kufumbua macho hospitalini," alisema. "Amefumbua?"

"Sijui, mzee wangu. Nipigie kesho saa nane nitakuwa nimejua."

Kuanzia kesho yake, Verna alikuwa akila mkate wake wa mchana huku televisheni ya mapokezi imewashwa Chaneli 4, na saa nane akimsimulia mzee yaliyotokea. Mambo yalikwenda hivyo wiki sita, hadi meneja alipoingia na wageni wa kampuni ya mbegu waliokuja kununua matangazo.

"Bi. Verna, hiyo ni Chaneli 4."

"Ndiyo."

"Hapa kwetu? Mapokezi?"

"Nawachunguza washindani," alijibu, akaendelea kutafuna.

Wageni walicheka, matangazo yakanunuliwa, na meneja hakulirudia tena suala hilo. Mzee Tollefson alisimuliwa tamthilia yake miaka mitatu. Alipofariki, familia ilimkalisha Verna safu ya pili kanisani, pamoja na wapwa.

Tungeweza kujaza jarida zima kwa mambo ya aina hiyo. Lakini wasifu huu ungekuwa na pengo kama tusingesema yaliyotokea mwaka 2017, ingawa yeye angependa tuyapite.

Mwaka huo mmiliki wetu wa tatu, kampuni kubwa yenye vituo katika majimbo tisa, alitangaza kuungana na kampuni inayomiliki Chaneli 4. Mpango ulikuwa vituo vyote viwili viwe na chumba kimoja cha habari, nacho kiwe kwao. Chetu chenye watu kumi na tisa kingefungwa. Wachache waliahidiwa nafasi ng'ambo ya mto. Wa kwanza wao alikuwa Corliss Weigel, mtangazaji wetu wa asubuhi na rafiki wa Verna tangu siku Corliss alipokuja akiwa na sanduku moja na paka.

Kisheria, muungano kama huo unasubiri idhini ya tume ya serikali, na tume hupokea maoni ya wananchi. Makao makuu yalimletea Verna karatasi ya maneno ya kuwaambia wapigaji simu. Yalikuwa mawili: hakuna kitakachobadilika. Bwana Pruitt, meneja wa wakati huo, aliiweka mezani mwenyewe, nami nilikuwa nimesimama hapo nikisubiri funguo za gari la kamera.

"Siwezi kusoma hii," Verna alisema.

"Ni maneno mawili tu, Mama."

"Ndiyo, na yote mawili ni ya uongo. Hawa watu nawaambia kila siku barabara gani imefungwa kwa theluji, na wananiamini, wanageuza gari. Siwezi."

"Basi usiseme kitu."

"Sawa. Sitasema kitu."

Na kweli hakusema kitu. Kila aliyepiga kuuliza alijibiwa kwamba yeye haruhusiwi kuzungumzia jambo hilo, na kwamba anuani ya tume ni hii, achukue kalamu. Alipewa onyo la maandishi. Akalisoma, akasahihisha jina lake lililokuwa limekosewa, akatia saini. Barua zilizofika tume kutoka mji wetu na mashamba ya jirani zilikuwa elfu moja mia tatu na kumi na mbili.

Tume iliruhusu muungano, ila kwa sharti: Chaneli 11 iuzwe kwa mtu mwingine. Tukanunuliwa na dada wawili kutoka Montana, wamiliki wetu wa leo. Hivyo chumba chetu cha habari kipo, na tunaendelea kusoma habari za Marlow Bend tukiwa Marlow Bend. Ila mkataba wa mtandao mkubwa ulichukuliwa na Chaneli 4, tukabaki na mtandao mdogo na mapato madogo. Watu kumi na tisa wakawa kumi na mmoja. Habari za asubuhi zikafutwa. Na kwa kuwa muungano haukwenda kama ulivyopangwa, zile nafasi zilizoahidiwa ng'ambo zikayeyuka. Corliss alibaki bila kazi.

Siku ya mwisho Corliss alipita mapokezi na boksi lake. Verna alisimama.

"Corliss, mwenzangu—"

"Mimi nilikuwa na kazi, Verna. Walikuwa wameshaniahidi."

Alitoka. Hawakusemezana kwa miaka miwili. Sisi tulimwona Verna kila siku akipokea simu kwa sauti ileile, na wengi tulidhani hana neno. Mimi nilimkuta mara moja chumba cha kahawa amesimama mbele ya sinki huku maji yanatiririka. Aliniambia, "Merrill, ningefanya vilevile. Na bado naumia." Hakutaka nimfariji, kwa hiyo niliosha kikombe changu nikakaa naye.

Februari 2020, katikati ya kimbunga cha theluji, simu ililia. Corliss alikuwa amepata kazi ya ualimu kijiji cha Tansem, kilomita themanini kutoka hapa.

"Chaneli 11, nikusaidie nini?"

"Ni mimi. Nina watoto thelathini kwenye basi. Barabara ya mtoni inapitika?"

"Haipitiki. Zungukia njia ya kwa Olstad, nenda polepole, ukifika nipigie."

Alipofika alipiga. Waliongea zaidi ya saa nzima, na simu nyingine tukazipokea sisi.

Sasa Bi. Verna anakwenda kwenye nyumba yake ya kando ya ziwa, akiwa na mume wake Gaylen, boti inayovuja na wajukuu wanne. Tulipomwuliza anataka zawadi gani, alisema saa ya ukutani anayo. Alichoomba ni kwamba simu ya Chaneli 11 isipokelewe na mashine. Wamiliki walisema hawana uwezo wa kuajiri mtu mwingine mwaka huu. Kwa hiyo tumejigawia zamu sisi kumi na mmoja, mtabiri wa hali ya hewa akiwemo, na orodha imebandikwa ukutani. Yangu ni Jumanne.

Bi. Verna, asante kwa kila simu uliyopokea. Nenda salama, upumzike, maji ya ziwa yawe tulivu na samaki wasikusumbue. Ukipiga, utasikia sauti ya mtu.

Merrill Dokken
Mpigapicha, Chumba cha Habari